Njia ya Gesi Ndani ya Makaa ya Mawe

Mwaka 1733, mwenye migodi mmoja wa Uingereza aliyeitwa Sir James Lowther alipeleka London vibofu vya wanyama vilivyojazwa hewa na kufungwa mdomo. Wataalamu wa Royal Society walivifungua, wakaisogezea moto ile hewa iliyokuwa ikitoka, ikawaka. Ilikuwa imesafirishwa kutoka Whitehaven, mji wa bandari kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako watu wa Lowther walikuwa wakichimba shimo karibu kabisa na bahari. Huko chini walikuta hewa ikivuma kutoka kwenye mwamba. Msimamizi wa mgodi, Carlisle Spedding, aliitengenezea bomba la kuipandisha juu, na ikaendelea kutoka usiku na mchana kwa zaidi ya miaka miwili bila dalili ya kupungua.

Hewa nyingi kiasi hicho ilikuwa imekaa wapi? Kipande cha makaa ya mawe ukikishika mkononi ni kigumu, kizito, kinang'aa. Hakina pango ndani yake, wala mfuko. Wachimbaji walijua tu kwamba makaa yakivunjwa hutoa mlio mwembamba wa kuchemka, na kwamba penye mlio huo moto wa taa hubadilika rangi. Zaidi ya karne mbili zilipita kabla ya swali hilo kujibiwa sawasawa, na katika muda huo ujinga wetu kuhusu vitundu vya makaa uliwagharimu maelfu ya watu uhai wao.

Asubuhi ya tarehe 25 Mei 1812, mgodi wa Felling, karibu na Newcastle, ulilipuka. Wanaume na watoto 92 walikufa. Neno watoto hapa lina maana yake kamili, kwa sababu baadhi yao walikuwa hawajafika miaka kumi, na kazi yao ilikuwa kukaa gizani wakifungua na kufunga milango ya kupitishia hewa. Moto uliendelea kuwaka chini, ikabidi mdomo wa mgodi uzibwe ili ukose hewa na kuzimika. Familia zilisubiri wiki kadhaa kabla ya kuzika watu wao. Kasisi wa eneo hilo, John Hodgson, alifanya jambo ambalo wenye migodi wengi hawakulipenda: aliandika na kuchapisha habari za maafa yale, pamoja na maelezo ya mgodi wenyewe na majina ya waliokufa. Nadhani bila kasisi huyo Felling ingesahaulika kama ilivyosahaulika milipuko mingine mingi kabla yake.

Kelele hizo ndizo zilizomfikisha mkemia Humphry Davy kaskazini mwaka 1815. Alipelekewa chupa za gesi ya mgodini katika maabara yake London, akaichunguza, akagundua kwamba mwali wa moto hauwezi kupita kwenye njia nyembamba sana ya chuma, kwa sababu chuma hunyonya joto lake. Akaizungushia taa wavu wa waya wenye matundu madogo, na mwanzoni mwa 1816 taa hiyo ikajaribiwa katika mgodi wa Hebburn. Wakati huohuo George Stephenson, fundi wa mitambo wa Killingworth ambaye baadaye alipata sifa kwa magari ya moshi, alikuwa ametengeneza taa yake mwenyewe kwa njia inayokaribiana na hiyo. Watu wa kaskazini walimtetea Stephenson, wasomi wa London wakamtetea Davy, na ugomvi ukaendelea kwa miaka.

Taa haikuleta usalama uliotarajiwa. Wenye migodi waliitumia kuwapeleka watu kwenye sehemu zenye gesi nyingi ambazo zamani ziliogopwa, na vifo viliendelea. Davy alikuwa amezuia moto usiifikie gesi. Gesi yenyewe ilibaki ikitoka, na hakuna aliyejua kwa nini.

Karne ya kumi na tisa ilijibu sehemu za swali hilo kwa watu ambao hawakuwa na mgodi akilini. Mwaka 1855 Mjerumani Adolf Fick alieleza kwa hesabu jinsi chembe za kitu zinavyosambaa zenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Mwaka uliofuata, 1856, mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeujengea mji wa Dijon mfumo wake wa maji, alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga: maji hupita kwa kasi inayolingana na tofauti ya mgandamizo na urahisi wa njia yenyewe. Sheria hizo mbili zitarudi, kwa sababu ndani ya makaa gesi husafiri kwanza kwa sheria ya Fick, kisha kwa sheria ya Darcy.

Sehemu ya tatu ilitoka kwenye kiwanda cha balbu. Irving Langmuir, mtafiti wa kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani, alichapisha mwaka 1918 utafiti wake kuhusu jinsi gesi zinavyojibandika kwenye uso wa kioo, ulanga na platini. Alionyesha kwamba molekuli za gesi zinaweza kutandaza safu moja tu juu ya uso wa kitu kigumu. Mgandamizo ukiongezeka safu hujaa, na ukipungua molekuli hubanduka. Kazi yake juu ya nyuso ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932. Hadi leo mhandisi wa gesi ya makaa huchora mkondo wa Langmuir kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Ila uso unaozungumziwa ulikuwa wapi? Ili makaa yashike gesi iliyovuma Whitehaven miaka miwili, yalihitaji kuwa na uso mkubwa mno, uliofichika mahali ambapo jicho halifiki. Mtu aliyeingia humo na kupima alikuwa binti wa miaka 22.

Rosalind Franklin alizaliwa London mwaka 1920, akasoma kemia katika chuo cha Newnham, Cambridge. Dunia inamkumbuka kwa picha ya DNA iliyopigwa katika maabara yake mwaka 1952, na kwa jinsi picha ile ilivyoonyeshwa kwa wengine bila yeye kujua. Habari hiyo imesimuliwa sana, na inastahili. Lakini imeifunika kazi yake ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ingetosha peke yake kumpa nafasi katika historia ya sayansi. Mwaka 1942, katikati ya vita, alijiunga na chama cha utafiti wa matumizi ya makaa cha Uingereza, BCURA, kilichokuwa na maabara pembezoni mwa London. Nchi ilikuwa ikiendesha viwanda, treni na majiko yake kwa makaa, na serikali ilitaka kujua namna ya kuyatumia vizuri zaidi. Franklin aliishi Putney pamoja na binamu yake, akajitolea kuwa mlinzi wa mtaa wakati wa mashambulizi ya ndege, na asubuhi akaenda kazini kwa baiskeli.

Kazi aliyopewa ilionekana ya kuchosha: kupima makaa ya aina mbalimbali yana vitundu kiasi gani. Njia yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Chukua kipande cha makaa, kitumbukize katika gesi ya heliamu, ambayo atomu zake ni ndogo kuliko za gesi nyingine, upime ni nafasi kiasi gani heliamu imeshindwa kuingia. Hapo unapata ujazo wa makaa matupu. Kisha rudia kwa vimiminika vyenye molekuli kubwa zaidi, kama methanoli, heksani na benzini. Kama makaa yangekuwa kitu kizima kisicho na tundu, majibu yote yangelingana. Hayakulingana. Heliamu iliingia mahali ambapo molekuli kubwa zilizuiliwa.

Franklin hakuridhika kusema kwamba makaa yana vitundu vidogo. Alitambua kwamba vingi vina umbo la kibuyu: nafasi ndani, na shingo nyembamba inayoamua nani aingie na nani abaki nje. Alipoyapasha makaa joto kali aliona shingo hizo zikizidi kubana, nafasi ya ndani ikabaki ilhali mlango umefungika kwa molekuli moja baada ya nyingine, kwa kufuata ukubwa wao. Makaa yalikuwa kichujio cha molekuli. Upana wa milango hiyo unahesabiwa kwa sehemu za nanometa, na unywele wa binadamu una upana wa nanometa 80,000 hivi. Hakuna darubini ya wakati ule iliyoweza kuonyesha kitu hicho. Yeye alikiona kwa mizani, vipimo vya mgandamizo na uvumilivu wa kurudia.

Utafiti huo ulimpa shahada ya uzamivu ya Cambridge mwaka 1945. Baada ya vita alikwenda Paris, akafanya kazi na Jacques Mering, akajifunza kutumia miale ya eksirei na kueleza kwa nini kaboni nyingine hugeuka grafiti zikipashwa joto na nyingine hazigeuki hata zikichomwa vipi. Ustadi huo wa eksirei ndio aliorudi nao London kuipiga picha DNA. Alikufa Aprili 1958 kwa saratani, akiwa na miaka 37. Makala zake za makaa bado zinatajwa na watafiti wa vitundu vya kaboni.

Kwa kuyaunganisha ya Franklin na ya Langmuir, jibu la Whitehaven lilipatikana. Gramu moja tu ya makaa inaweza kuwa na uso wa ndani unaozidi mita za mraba 100, na gesi ya methani imetandazwa juu ya uso huo, imebanana kiasi ambacho isingewezekana kama ingekuwa inaelea tu kwenye uwazi. Idara ya jiolojia ya Marekani inakadiria kwamba makaa yanaweza kuhifadhi gesi mara sita au saba zaidi ya mwamba wa kawaida wa gesi wenye ujazo uleule. Vitundu hivyo ni ghala. Barabara ni kitu kingine: nyufa nyembamba zinazokata tabaka la makaa kwa wima, baadhi ndefu zikielekea upande mmoja, nyingine fupi zikizikata kwa pembe mraba. Mchimbaji wa zamani alizijua, maana kwa kufuata nyufa alipata makaa yanayobanduka kwa urahisi. Nyufa hizo kwa kawaida zimejaa maji, na mgandamizo wa maji ndio unaoizuia methani isibanduke ukutani. Ondoa maji, au fungua mgodi, mgandamizo unashuka. Methani inaachia ukuta, inapenya polepole kwenye vitundu kama Fick alivyoeleza, inafika kwenye ufa, na kuanzia hapo inakimbia kama Darcy alivyoeleza.

Maarifa hayo yangebaki maktaba kama si maafa mengine. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 1968 mgodi wa Farmington, West Virginia, ulilipuka na kuua wachimbaji 78. Safari hii televisheni zilikuwepo, na Wamarekani waliuona moshi ukipanda kutoka ardhini wakiwa sebuleni kwao. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria kali ya afya na usalama migodini. Idara ya migodi ya serikali, Bureau of Mines, iliyoanzishwa mwaka 1910 baada ya mfululizo wa vifo kama hivyo, ikaanza kwa bidii kujaribu wazo ambalo Spedding angelielewa mara moja: kuichoronga ardhi na kuitoa gesi kabla mchimbaji hajaingia.

Ilibidi kwanza wajue gesi ni kiasi gani. Wafaransa walikuwa wamebuni kipimo ambacho Wamarekani walikiboresha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ambacho napenda jinsi kilivyo cha moja kwa moja. Sampuli ya makaa ikitolewa tu kwenye shimo la kuchoronga, inafungiwa ndani ya kopo lisilopitisha hewa. Kila baada ya muda bomba dogo linafunguliwa, gesi inakusanywa na kupimwa kwa maji inayoyasukuma. Gesi iliyopotea wakati sampuli ikipandishwa juu inakadiriwa kwa hesabu, na kinachobaki kimeng'ang'ania ndani kinapatikana kwa kusaga makaa yenyewe. Siku chache, pengine wiki chache, na mgodi unajua unalala na nini.

Katika jimbo la Alabama, kwenye bonde la Black Warrior, Bureau of Mines na kampuni ya U.S. Steel walichoronga visima mbele ya mgodi wa Oak Grove. Lengo lilikuwa usalama. Ila gesi iliyotoka ilikuwa safi, ikaonekana ni upuuzi kuiachia hewani wakati bei ya mafuta imepanda. Mwaka 1980 serikali ya Marekani iliweka nafuu ya kodi kwa gesi ya namna hiyo, na hapo biashara ikachangamka.

Huko New Mexico na Colorado, kwenye bonde la San Juan, wachorongaji walikuwa wakiyapita makaa ya Fruitland kwa miaka mingi wakitafuta gesi kwenye mawe ya mchanga yaliyo chini zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Amoco iliyajaribu makaa yenyewe, kwenye kisima cha Cahn. Mwenendo wake uliwashangaza watu wa mafuta. Kisima cha kawaida hutoa gesi nyingi siku za mwanzo kisha hupungua. Hiki kilitoa maji, na kadiri maji yalivyopungua gesi ikaongezeka, mwaka baada ya mwaka. Nyufa zilikuwa zikijikausha na kuipisha methani.

Baadaye liligundulika jambo la ajabu zaidi. Wengi walitarajia kwamba maji na gesi vikitoka, uzito wa ardhi ungezibana nyufa na njia ingekuwa ngumu. Hilo hutokea. Lakini makaa yaliyoachwa na methani husinyaa kidogo, na kila donge likisinyaa ufa ulio kati yake na jirani yake hupanuka. Nguvu hizo mbili hushindana, na kwenye San Juan kusinyaa kulishinda: njia za gesi zilizidi kufunguka kadiri visima vilivyozeeka. Katika miaka ya 1990 bonde hilo ndilo lililokuwa likitoa gesi ya makaa nyingi kuliko jingine lolote duniani.

Maji yaliyotolewa yalileta taabu yake. Wafugaji wa Wyoming na Montana walilalamika kuona maji ya visima, mengine yenye chumvi, yakimwagwa kwenye mito na malisho yao. Huko Queensland, Australia, wakulima waliotegemea maji ya ardhini walifunga mageti ya mashamba yao ili wachorongaji wasiingie. Gesi ya makaa ya Queensland ilianza kusafirishwa kwa meli ikiwa imepozwa hadi kuwa kimiminika mwishoni mwa 2014, ya kwanza duniani ya aina hiyo. Malalamiko ya wakulima yalikuwa ya haki, na yalitokana na sayansi ileile: huwezi kuibandua methani bila kuyatoa maji.

Hata hivyo si maji yote yanayotoka. Katika bonde la Qinshui, mkoa wa Shanxi, China, makaa ni ya zamani na magumu, vitundu vyake vidogo mno na nyufa zake chache. Watafiti wa China, akiwemo Yao Yanbin ambaye kundi lake lilichapisha kazi mashuhuri mwaka 2010, walitumia sumaku na mawimbi ya redio, kanuni ileile ya mashine ya MRI hospitalini, kusikiliza maji yakiwa ndani ya makaa. Maji yaliyobanwa kwenye kitundu hutoa ishara inayozimika upesi. Yaliyo kwenye ufa hutoa ishara inayodumu. Kisha sampuli inazungushwa kwa kasi kwenye mashine ili maji yanayoweza kutoka yatoke, na kipimo kinarudiwa. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayoonyesha kile kinachotembea. Katika makaa ya namna hiyo sehemu kubwa hubaki pale ilipo. Makaa yanaweza kuwa yamejaa gesi na bado yakakunyima, kwa sababu njia haipo.

Wala kujua hakutoshi bila uangalizi wa kila siku. Brookwood, Alabama, katika bonde lilelile lililofundisha dunia kuitoa gesi mapema, mwamba wa juu uliporomoka tarehe 23 Septemba 2001 na methani ikalipuka. Wachimbaji waliokuwa sehemu nyingine za mgodi walikwenda kuwasaidia wenzao, na mlipuko wa pili ukawakuta njiani. Walikufa watu 13.

Afrika nayo ina kaburi lake. Tarehe 6 Juni 1972 mgodi wa Wankie, sasa Hwange, nchini Zimbabwe, ulilipuka na kuua zaidi ya watu 420, wakiwemo wafanyakazi waliotoka nchi jirani kutafuta riziki. Wengi wao hawakutolewa. Gesi yenye sumu iliwazuia waokoaji, na mgodi ukafungwa juu yao. Makaa ya Hwange ni ya miamba ya Karoo, na makaa ya Kiwira, Ngaka na Mchuchuma kusini mwa Tanzania ni ya miamba ya Karoo pia. Ngaka wanachimba kwa kufunua ardhi, mahali ambapo makaa yako karibu na juu na gesi nyingi ilishapotea. Kina kikiongezeka mgandamizo huongezeka, na gesi iliyobaki huongezeka nayo.

Basi wale wenye dhamana ya madini kusini mwa Tanzania, na kampuni zitakazopewa leseni ya kushuka chini zaidi, wafungie kila sampuli ya makaa kwenye kopo siku ileile inapochorongwa, wapime gesi yake, na wayatangaze majibu kabla mchimbaji wa kwanza hajashuka.